Je, Mzazi Ana Haki ya Kumpiga Mwanawe Muhuri?

Ndugu msomaji, yamkini wewe nawe umepata kuketi barazani kwa mtu mwenye watoto wengi, ukayaona haya nitakayoyaeleza. Mgeni amefika, amekaribishwa, amepewa maji ya kunywa. Watoto wanakuja mmoja mmoja kumwamkia, na kila anayempa mgeni mkono baba humtaja kwa neno moja au mawili: "Huyu wa kwanza ndiye nguzo yangu. Huyu wa pili ni mkali kama pilipili. Huyu ni mpole, hata ukimtukana hajibu. Huyu ni mvivu, kazi yake kula na kulala. Na huyu kitinda mimba ni mjanja, usimwone hivi." Mgeni hucheka, baba naye hucheka, na watoto hurudi uani, kila mmoja amechukua neno lake.

Swali ninalotaka tulitazame pamoja ni hili: Je, mzazi, kwa kuwa yeye ndiye aliyemzaa mtoto na kumlea, anayo haki ya kumwambia yeye, na kuwaambia watu wengine, kwamba wewe ni mtu wa namna hii na si wa namna nyingine? Wengi wataona swali hili ni dogo. Watasema, haya ni mazungumzo ya barazani tu, hayamwumizi mtu. Lakini mimi nimeishi ndani ya jambo hili, na kwa idhini ya msomaji nitaanza na nyumba yetu wenyewe.

Tulizaliwa tisa, wavulana watano na wasichana wanne, katika kijiji kimoja cha Unyamwezi, si mbali sana na mji wa Tabora. Baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mkulima wa mahindi na karanga, tena mwenye mizinga ya nyuki porini. Alikuwa mtu mwema, mwenye kusali na mwenye mkono wazi. Naye alikuwa na desturi hiyo niliyoitaja. Kila mmoja wetu alikuwa na neno lake. Kaka mkubwa aliitwa Nguzo. Dada yetu mmoja aliitwa Moto. Kaka yangu aliyenitangulia mimi aliitwa Goigoi, kwa kuwa alikuwa mzito wa kuinuka na mpole wa mwendo. Na mimi, kwa kuwa nilipenda kukaa chuoni na kubeba ubao wangu wa kusomea kila mahali, niliitwa Shehe.

Siku moja, nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, tulitumwa wawili, kaka yangu huyo na mimi, kuchunga mbuzi. Mama akamwita yeye akamsaidie kuteka maji, nami nikabaki peke yangu. Nikaketi chini ya mwembe na ubao wangu, usingizi ukanichukua. Nilipoamka, mbuzi walikuwa wamekwisha kuingia katika shamba la karanga la jirani. Jioni jirani alikuja kulalamika. Baba hakuuliza swali hata moja. Alisema, "Goigoi amelala tena," akakata fimbo, akampiga kaka yangu mbele ya jirani. Kaka yangu alianza kusema neno, akaliacha. Nami nilisimama pale nimekumbatia ubao wangu, nikanyamaza.

Tazama, ndugu msomaji, kilichotendeka. Baba hakukusudia kudhulumu. Bali alikuwa amekwisha kutoa hukumu miaka mingi kabla ya kosa kutendeka. Sifa yangu ndiyo iliyonifunika, na sifa ya kaka yangu ndiyo iliyomhukumu. Mwenye kosa alikwenda kulala akiitwa Shehe, na asiye na kosa alikwenda kulala akiitwa Goigoi.

Jambo hili lilikaa moyoni mwangu bila ya kulielewa, hata nilipofika ng'ambo kusoma katika chuo cha dini. Huko tulikutana vijana wa nchi mbalimbali, na mwalimu wetu mmoja, mzee wa makamo, alitutaka kila mmoja aeleze habari za jamaa zake ili tujuane. Zamu yangu ilipofika niliwataja ndugu zangu wanane mmoja baada ya mwingine: huyu ni nguzo, huyu ni moto, huyu ni goigoi. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Hao uliotueleza ni ndugu zako, au ni maneno ya baba yako?" Sikuwa na jibu.

Basi tulichunguze jambo hili kwa utaratibu.

Katika maandiko ya kale yapo maelezo mashuhuri sana ya baba aliyewataja wanawe wengi mmoja mmoja kwa tabia zao, nayo yamo katika Biblia, Kitabu cha Mwanzo, mlango wa 49. Humo imeandikwa kwamba Nabii Yakubu (a.s.), alipokaribia kufa, aliwakusanya wanawe kumi na wawili na kumpa kila mmoja neno lake. Reubeni, mzaliwa wa kwanza, anafananishwa na maji yasiyotulia. Yuda ni mwana-simba, Isakari ni punda mwenye nguvu, Dani ni nyoka wa njiani, Naftali ni ayala, Benyamini ni mbwa-mwitu. Yusufu anafananishwa na mti uzaao matunda. Ama Simeoni na Lawi, hao wametajwa pamoja kuwa watu wa ukatili, hasira yao imelaaniwa, na imetangazwa kwamba watatawanywa.

Wasomaji wetu waliolelewa katika Ukristo wanaijua habari hii vizuri, nami sikusudii kuwabishia. Nawaomba tu waendelee kuusoma ukoo wa Lawi, yule aliyepewa neno zito kuliko karibu ndugu zake wote. Kitabu cha Kutoka chasema kwamba katika ukoo huo alizaliwa nani? Alizaliwa Musa, na kaka yake Haruni. Na kutawanywa kwao kulikotangazwa kama adhabu kukawa ndiyo njia ya wao kukaa katikati ya makabila yote wakiitumikia ibada. Kadhalika Yuda: yeye ndiye aliyetoa shauri la kumwuza Yusufu, na yeye ndiye aliyesimama miaka mingi baadaye akajitoa awe mtumwa ili Benyamini arudi kwa baba yao. Je, yupi kati ya hawa wawili ndiye Yuda wa kweli? Kama baba yake angelimpiga muhuri siku ile ya kuuzwa Yusufu, angeliandika neno gani?

Kurani Tukufu nayo inatuonyesha Nabii Yakubu (a.s.) katika saa hiyo hiyo ya mauti, wanawe wamemzunguka. Lakini humo, katika sura ya Al-Baqara, hatumkuti akieleza tabia zao. Anawauliza swali: wataabudu nini baada yake? Nao wanamjibu kwa kinywa chao wenyewe, kwamba watamwabudu Mungu mmoja, Mungu wake na wa baba zake Ibrahimu, Ismaili na Is-haka. Na walioulizwa ni watu gani? Ni wale wale waliomtupa ndugu yao kisimani, wakamletea baba yao kanzu yenye damu ya uwongo. Baba huyu alikuwa na sababu nyingi za kuwaambia, "Nyinyi ni waongo, nawajua." Badala yake aliwapa nafasi ya kujieleza wenyewe kwa yale watakayoyatenda kesho.

Pengine msomaji atauliza: Je, mzazi asizijue tabia za wanawe? Vidole vya mkono mmoja havilingani, atawaleaje asipowatofautisha?

Swali hili ni la haki. Jibu ni kwamba kumjua mtoto ni wajibu, lakini kumjua ni kitu kimoja na kumpiga muhuri ni kitu kingine. Yakubu (a.s.) aliwajua wanawe. Yusufu alipomweleza ndoto yake, baba alitambua mara moja kwamba ndugu zake wangemfanyia hila. Lakini elimu hiyo aliitumia kwa kuhifadhi: alimwonya Yusufu faraghani asiwasimulie ndoto ile. Hakuitangaza mbele ya wageni. Mkulima mwema anajua kwamba shamba hili lina mchanga na lile lina udongo mzito. Hajui hivyo ili alitukane shamba, bali ili ajue apande mtama wapi na mpunga wapi. Elimu ya mzazi ni amana ya kumsaidia mtoto. Ikigeuzwa kuwa hukumu, amana imevunjwa.

Sasa tutazame sababu za kuonyesha ya kuwa muhuri huo ni dhuluma.

Kwanza, mzazi hushuhudia kwa haja yake mwenyewe. Baba yetu alihitaji mikono ya jembe, na masika hayangoji. Mbele ya jembe, mtoto aliyetulia alionekana mvivu. Lakini utulivu ule ule, porini kwenye mizinga, ulikuwa ni hazina. Anayeijua kazi ya nyuki anajua kwamba mtu wa pupa hushambuliwa na kukimbia, na mtu wa makini ndiye anayerina asali. Leo kaka yangu huyo ndiye mwenye mizinga mingi kuliko sisi wote. Hakubadilika tabia, ilibadilika kazi. Basi tunaposema "huyu ni mvivu," mara nyingi tunasema tu, "huyu hafai kwa kazi niliyonayo leo."

Pili, neno la mkubwa huijenga njia ambayo mtoto atapita. Katika mwaka 1968 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Rosenthal na Lenore Jacobson, walitangaza habari za jaribio walilolifanya katika shule moja ya msingi ya California. Waliwaambia walimu kwamba wanafunzi fulani walikuwa karibu kuchanua kwa akili. Kumbe majina yale yalichaguliwa kwa bahati nasibu tu. Mwishoni mwa mwaka, hasa katika madarasa ya chini, watoto waliosemwa vizuri walikuwa wamepanda kuliko wenzao katika kipimo cha akili. Wataalamu wengine wamebishana juu ya ukubwa wa matokeo hayo, lakini kila aliyepata kufundisha anajua kwamba mwalimu humtazama kwa jicho jingine mwanafunzi aliyekwisha kuambiwa habari zake. Wahenga wetu walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na kumwita mtoto jina kila siku ni sehemu ya malezi.

Tatu, hata zile kanuni tunazozitegemea hazina msingi imara. Watu husema kifungua mimba lazima awe mtu wa kutawala, wa katikati awe mgomvi, na kitinda mimba awe wa kudeka. Daktari Alfred Adler wa Vienna, aliyefariki mwaka 1937, aliieneza sana fikra ya namna hiyo. Lakini mwaka 2015 wachunguzi wa Ujerumani walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani, wakaona kwamba katika mambo makubwa ya tabia, kama upole, bidii na uchangamfu, nafasi ya kuzaliwa haikuacha alama ya maana. Kila mtoto, awe wa kwanza au wa tisa, ni nafsi peke yake.

Nne, sifa njema nayo yaweza kudhuru, na jambo hili wazazi wengi hawalitambui. Msifikiri ya kuwa mimi nilipona kwa kuitwa Shehe. Jina lile lilinifundisha kuficha makosa. Nilijua kwamba nikianguka, sitaanguka kama mtoto mwingine. Nitakuwa nimemwangusha Shehe wa baba. Hivyo nilijifunza kuonekana mwema kabla ya kujifunza kuwa mwema, nami nimetumia miaka mingi kuitengua elimu hiyo mbaya.

Mtume Muhammad (s.a.w.) ametuachia mifano miwili inayogusa jambo hili waziwazi. Sahaba mmoja, Bashir, alimpa mwanawe Nu'man zawadi, akaenda kwa Mtume (s.a.w.) ili awe shahidi. Mtume (s.a.w.) alimwuliza kama amewapa wanawe wote mfano wa hiyo. Alipojibu kwamba hakuwapa, Mtume (s.a.w.) alikataa kuwa shahidi, akamwamrisha kumcha Mungu na kufanya uadilifu baina ya watoto wake, naye Bashir akaitwaa zawadi yake. Ikiwa uadilifu wadaiwa katika mali, ambayo huisha, je, usidaiwe katika neno, ambalo mtoto hulichukua mpaka kaburini?

Mfano wa pili ni wa mtu aliyeitwa Hazn, jina lenye maana ya ugumu, kama ardhi yenye mawe. Mtume (s.a.w.) alitaka kumbadilishia jina awe Sahl, yaani mwepesi. Mtu yule alikataa, akasema hataliacha jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, Said bin al-Musayyab, mwanachuoni mkubwa wa Madina, alisimulia kwamba ugumu ule uliendelea kukaa katika jamaa zao. Hebu fikiri: anakuja mtu aliye bora kuliko watu wote kukufungua, nawe unaushikilia mfungo kwa sababu ulifungwa na baba yako! Ndivyo tulivyo wengi. Mtu wa miaka hamsini hujiambia, "Mimi ni mzito, ndivyo nilivyo," wala hakumbuki kwamba hakuligundua jambo hilo mwenyewe. Aliambiwa barazani akiwa na miaka saba. Ndiyo maana Kurani Tukufu, katika sura ya Al-Hujurat, imekataza kuitana kwa majina mabaya.

Hapa napenda kusema na wewe, ndugu uliyeingia katika dini karibuni, au uliye njiani unatafuta. Huenda katika jamaa yako, ambayo ni kubwa, umepewa jina jipya. Kaka yako aitwa mwenye akili, dada yako aitwa mwenye huruma, na wewe sasa waitwa aliyepotea. Neno hilo linauma, hasa likitoka kwa mama. Usilijibu kwa neno la namna hiyo hiyo. Nabii Ibrahimu (a.s.) alisema na baba yake kwa upole, na baba alipomtisha, yeye alimtakia amani na kumwahidi kumwombea. Wala usiwapige wazazi wako muhuri wa "makafiri wasiosikia." Dhuluma ya kutangaza mwisho wa mtu kabla ya mwisho wake ni ile ile, itoke kwa mzazi kwenda kwa mtoto au kwa mtoto kwenda kwa mzazi. Wewe mwenyewe u ushahidi kwamba mtu aweza kugeuka. Jibu lako na liwe matendo: peleka unga nyumbani, mwuguze mgonjwa, timiza ahadi.

Na wewe mzazi ufanye nini? Nashauri mambo matatu mepesi kuyataja na mazito kuyatenda. Litaje tendo, usimtaje mtu: sema "leo umechelewa," usiseme "wewe ni mchelewaji." Uliza kabla ya kuhukumu, hata kama unadhani jibu walijua. Na mbele ya mgeni, mtaje mtoto kwa jina lake tu, kisha mwache aseme mwenyewe. Mimi nina watoto sita. Si zamani sana mgeni alifika kwetu, nikajikuta nataka kusema juu ya binti yangu wa tatu, "Huyu ni mkaidi." Neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno. Nikalimeza, nikamwambia mgeni, "Mwulize mwenyewe anapenda nini." Binti akajibu kwamba anapenda kushona. Mimi babaye nilikuwa silijui jambo hilo.

Baba yangu alifariki kabla sijamweleza habari za mbuzi wale. Hilo ni deni nitakalolichukua. Lakini baada ya maziko, tulipokuwa tumebaki wawili, nilimweleza kaka yangu kila kitu na kumwomba radhi. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Nilijua tangu siku ile, mdogo wangu. Lakini kama ningesema, nani angeniamini?" Akanisamehe. Tangu siku hiyo namwita kwa jina lake. Yeye mwenyewe, akipiga hodi mlangoni kwangu nami nikauliza nani, bado hujibu, "Ni mimi, Goigoi."

Ndugu msomaji, mwisho wa mtu anaujua Aliyemwumba, naye peke yake ndiye mwenye muhuri. Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuwaona watoto wetu kama walivyo leo, na subira ya kungoja watakavyokuwa kesho, na atusamehe maneno tuliyowatwika nao wakayabeba kimya. Amin.